Kamba ya Futi Tisa

Jumatatu, 3 Juni. Matiri

Kocha Ignatio kanipa daftari hili tulipoagana Dar. "Andika kila siku," kasema, "umekula nini, umelala vipi, umeogelea kiasi gani." Haya. Nimekula ugali na maharage. Nimelala. Sijaogelea, maana bwawa letu limefungwa kwa matengenezo hadi Oktoba na sisi waogeleaji tumetawanyika kama kuku waliotupiwa jiwe. Mimi nimerudi mlimani kwa wazazi, na hapa maji mengi kuliko yote ni yale ya kuoshea kahawa.

Leo nimechuma na Mama safu ya juu. Mikono inachuma, kichwa kinahesabu. Nimeshindana nje ya nchi mara nane, kila mara mita hamsini mtindo huru, kwenda tu, hakuna kurudi. Nikajumlisha muda wote niliowahi kuwa majini mbele ya mataifa: dakika tatu na sekunde hamsini na mbili. Nikamwambia Mama. Akasimama na kikapu chake, akasema, "Miaka kumi yote hiyo? Mbona hata fungu moja la rozari halijaisha!" Nilicheka, lakini iliniuma.

Jumatano, 5 Juni

Madebe matatu. Mabega yanawaka. Nimeshindwa kukaa kitako hata wakati wa chai.

Jumapili, 9 Juni

Kocha kapiga simu tukiwa tunatoka misani. Mashindano ya dunia ni Desemba na kuna nafasi moja ya msichana. Moja. Ni mimi au Katarina. Katarina ana miaka kumi na tisa, mwezi wa tano kaogelea sekunde 28.10. Mimi nina ishirini na saba, na namba yangu bora ni 28.34, ya Kigali, miaka miwili iliyopita.

"Sina bwawa la kuwapambanisha," Kocha kasema. "Jina linakwenda tarehe kumi Agosti. Nitatumia namba mtakazonipa wenyewe. Tafuta maji, Aurelia. Na unipe namba ya kweli."

Nikikosa safari hii sidhani kama nitaitwa tena. Nimeandika hivyo ili nikome kuzunguka uani nikijifanya sijui. Mama kasema nimewatia wasiwasi hadi mbuzi.

Jumatatu, 10 Juni

Nimemwomba Baba niteremke Liuli, ziwani kwa Mjomba, wiki moja huko, wiki moja hapa.

"Kufanya nini?"

"Kuogelea, Baba."

"Watu wanaogelea ili wasife. Wewe mtumbwi wako umezama wapi?"

Baba yangu, Mzee Kiliani, ni mtu wa mlima mpaka kwenye kucha. Akienda ukweni Liuli anakaa kalipa ziwa mgongo, anaongea habari za mahindi. Mama ndiye mtu wa ziwani, ndiye aliyenitupa majini nikiwa na miaka minne na kunisubiri niibuke. Miaka yote nasafiri na bendera kifuani, Baba hajawahi kuuliza nilikuwa wa ngapi. Afadhali, maana majibu hayakuwa mazuri.

Mama kamwambia, "Baba Aurelia, mtoto si jembe la kuning'inizwa ukutani." Akaguna. Kwa Baba, kuguna ni kukubali.

Jumamosi, 15 Juni. Liuli

"Shikamoo, Mjomba."

"Marahaba, mjomba! Umekonda. Kule mlimani wanawalisha majani ya kahawa?"

Mjomba Raimundi ni fundi seremala mstaafu, kaka mkubwa wa Mama. Nilipofika Jumatano nikamweleza shida yangu, hakuuliza maswali. Siku tatu katumia kunijengea bwawa lisilo na kuta. Kwenye jiwe lililoingia majini kagongomea kibao cha kurukia, kina mteremko kama vile vya Ulaya. Mbele kule kaweka chelezo cha magogo kilichotiwa nanga za mawe, chenye mbao wima ya mimi kugusa. Yeye anakaa juu ya chelezo na saa ya kuhesabia sekunde aliyoniazima Kocha, na filimbi.

Majirani wamekuja kutazama. Mmoja kauliza kama mamba wamearifiwa.

Umbali tumeupima kwa kamba ya kahawa. Niliichukua stoo kwa Baba, sikuomba. Ni ile kamba ya nailoni ya bluu yenye mafundo, anayonyoosha shambani kabla ya kuchimba mashimo ya miche. Mtoto yeyote wa mkulima wa kwetu anajua: fundo hadi fundo ni futi tisa. Nikiwa na miaka sita nilikuwa nashika ncha na kuimba "futi tisa, futi tisa" Baba akichimba. Basi hesabu rahisi. Mita hamsini ni futi mia moja sitini na nne, yaani nafasi kumi na nane za mafundo na futi mbili juu. Mjomba katoa futi kamba yake ya chuma mfukoni kupima zile mbili za mwisho.

"Na hizi nyingine una hakika nazo?"

"Kama jina langu, Mjomba."

Akaikunja futi kamba yake, akairudisha mfukoni.

Jumatatu, 17 Juni

27.60.

Naandika tena: 27.60! Upepo wa mwera unavuma kutoka kusini, mawimbi yananipiga kidevuni, hakuna mstari wa kufuata chini, na bado 27.60. Nikamwambia Mjomba saa imeharibika. Nikarudia baada ya kupumzika: 27.71. Nikarudia: 27.64. Saa ni nzima.

Kocha kwenye simu kapiga kelele mpaka Mjomba kasikia. "Ni mlima huo! Wiki mbili unabeba kahawa kwenye hewa nyepesi, damu imenenepa! Nilikuwa nawaambia siku zote!" Hajawahi kutuambia, lakini nimemwacha afurahi.

Jumanne, 18 Juni

Mwera. Ziwa limechafuka. Sijaingia.

Jumatano, 19 Juni

Mwera. Nimetembea ufukweni kwenda na kurudi mara thelathini. Mjomba kaniambia nikae chini, nimeanza kumtia kizunguzungu.

Ijumaa, 21 Juni

Mwera umelala asubuhi. 27.31. Mjomba kacheza juu ya chelezo, kidogo atumbukie.

Alhamisi, 27 Juni. Matiri

Namenya kahawa kwa mashine ya mkono, nazungusha mpini mpaka viganja vinatoka malengelenge. Baba kaja, kasimama, kajifanya anakagua kokwa.

"Mama yako anasema unaogelea haraka kuliko zamani."

"Ndiyo, Baba."

"Kwa sababu gani?"

"Kocha anasema ni mlima."

Akaokota kokwa mbili zilizoanguka, akazirudisha ndooni. "Si mlima tu," akasema. "Ni mahindi ya ngolo. Mtu aliyekulia mahindi ya mashimo yetu hachoki." Akaondoka anapiga mluzi. Sijamsikia Baba akipiga mluzi tangu nizaliwe.

Jumapili, 7 Julai

Baada ya misa Baba kawaambia wanakwaya watatu, katibu wa chama cha msingi na mwuza vitumbua kwamba mlima nao unaogelea. Nilitamani ardhi ipasuke. Lakini nilijisikia vizuri pia, sitajidanganya.

Jumanne, 16 Julai. Liuli

27.05. Siku hizi sivuti pumzi hata mara moja kutoka kwenye kibao hadi kwenye mbao. Naingia, nafunga mdomo, natoka.

Katarina kanitumia ujumbe kutoka Dar, anafanya mazoezi kwenye kibwawa cha hoteli. "Dada, Kocha kaniambia namba zako. Hongera sana. Mimi nimefika 28.02 tu. Unafanyaje? Nifundishe." Nikamjibu: "Panda mlima, mdogo wangu." Nikajiona mjanja.

Ijumaa, 19 Julai

Mwera.

Jumamosi, 20 Julai

Mwera. Nimegombana na Mjomba kwa sababu ya chumvi kwenye dagaa wa usipa. Nimemwomba radhi. Kasema ugomvi wa chumvi si ugomvi, ni hamu ya maji.

Jumatano, 31 Julai

26.88. Nimeitazama saa mpaka Mjomba kaninyang'anya.

Nikifumba macho nimeshafika Desemba. Nasikia jina langu likitamkwa vibaya na mtangazaji, nasikia kimya kile cha kabla ya mlio. Silali, na sijali.

Jumamosi, 10 Agosti. Matiri

Jina langu limekwenda. Kocha kaiandikia kamati: Aurelia, 26.88.

Jumapili, 11 Agosti

Padri katangaza mwisho wa misa, kaniita mbele. Akina mama wakapiga vigelegele. Shangazi Scolastika kanifunga kitenge chake kiunoni mbele ya altare. Baba kasimama wima bila kuguna, machozi yanamtoka na hayafuti. Sitaisahau sura ile.

Katarina: "Umestahili, dada."

Jumanne, 13 Agosti

Baba anaulizia kamba yake. Anataka kuchimba mashimo ya miche mipya kabla ya mvua. Nimemwambia ilikuwa kwa Mjomba, nimerudi nayo. Kasema sawa, kesho nitamshikia ncha kama zamani.

Jumatano, 14 Agosti

Nataka kuandika hili polepole ili niliamini.

Tulitoka asubuhi, umande bado. Baba kaenda juu ya mteremko na ncha yake, mimi nikabaki chini na yangu. Akanyoosha kamba, akapiga kigingi kwenye fundo la kwanza. Nikaanza kuimba kwa utani, "Futi tisa! Futi tisa!"

Baba akacheka. "Futi tisa za nani? Hizo zilikuwa za marehemu babu yako. Miche hii mipya ni mifupi, bwana shamba kasema mita mbili na nusu. Nilifungua mafundo yote mwaka juzi, nikayafunga upya."

"Yote?"

"Yote. Kazi ya siku nzima ile. Vuta vizuri, umelegeza."

Nilivuta. Nikahesabu hapohapo, mimi ninayejua hesabu. Kumi na nane mara mbili na nusu, arobaini na tano. Jumlisha zile futi mbili. Mita arobaini na tano na sentimita sitini. Siku zote nilikuwa naogelea bwawa lililokatwa mkia.

Nikakaa kwenye shimo la mwaka jana. Baba kauliza kama ni jua. Nikasema ni jua. Saa moja na nusu asubuhi, na ukungu.

Tumepima mashimo sitini. Nilishika ncha mpaka mwisho, kila fundo likipita mkononi naona haya upya.

Alhamisi, 15 Agosti

Sikukuu ya Bikira Maria. Watu kanisani wananishika mkono. Sijamwambia mtu.

Nani atajua? Nimejiuliza swali hilo tangu alfajiri. Hakuna wa kamati atakayekuja Liuli na futi kamba. Nitakwenda, nitaogelea, nitapata namba yoyote nitakayopata, watasema ni baridi, ni safari, ni woga. Mara ngapi nimefika wa mwisho na hakuna aliyeuliza? Kitanda changu kinasubiri hotelini. Sijaiba kitu. Nilikosea hesabu tu.

Halafu namkumbuka Katarina na 28.02 yake iliyopimwa sawasawa, ananiuliza nimfundishe.

Ijumaa, 16 Agosti

Nimeosha kahawa, nimeanika, nimegeuza vichanja vyote, nimefagia uwanja mara mbili. Mama kasema, "Unakimbia nini?" Nikamwambia kila kitu. Akasikiliza huku akichambua kokwa mbovu. Mwishoni kasema, "Basi kwanza ukapime. Mtu haungami dhambi ya kubuni."

Jumamosi, 17 Agosti. Liuli

Tumefunga uzi wa nyavu kutoka kwenye kibao hadi kwenye chelezo, tukautoa nchi kavu, Mjomba kaupima kwa futi kamba yake ya mita tano. Mara tisa, na sentimita sitini.

Mjomba kakaa juu ya jiwe. Mzee wa watu, miaka arobaini anatengeneza milango na haijawahi kugoma kufunga.

"Ilikuwa mfukoni," akasema. "Futi kamba ilikuwa humu humu mfukoni, Aurelia. Nikapima futi mbili, nikaacha mia moja sitini na mbili."

"Mimi ndiye niliyesema nina hakika."

"Fundi haulizi kama mtu ana hakika. Fundi anapima."

Tukasogeza chelezo mpaka pale panapostahili. Kwa macho ni padogo, hatua chache tu. Kwa mikono ni pengine kabisa. Pale nilipozoea kugusa mbao, palikuwa na maji matupu na mapafu yamekwisha. 29.51. Sijaongeza kitu msimu huu. Nimepungua kwa zaidi ya sekunde nzima, huku napigiwa vigelegele.

Nililia ndani ya maji. Ndiyo faida yake pekee leo.

Jumapili, 18 Agosti

Nimempigia Kocha. Nimesema yote bila kupumua, kama ninavyoogelea. Kamba, mafundo, mita arobaini na tano na sitini.

Nilidhani mtandao umekatika.

"Unajua niliwaambia nini kamati?" akasema. "Niliwaambia huyu simpimi, huyu neno lake ni saa."

"Samahani, Kocha."

"Nani mwingine anajua?"

"Mjomba na Mama. Na wewe."

Niliogopa aseme nyamaza. Niliogopa zaidi kwa sababu angesema hivyo, ningenyamaza.

"Majina yanaweza kubadilishwa mpaka mwisho wa mwezi," akasema. "Nitawaandikia jina la Katarina. Nipe siku mbili nisikuchukie, halafu tutaongea mazoezi."

Nikakata simu, nikatembea ufukweni mpaka karibu na lile jiwe kubwa la Pomonda na kurudi. Sikujisikia mwema hata kidogo. Nilijisikia mtu aliyeng'olewa jino.

Jumanne, 20 Agosti. Matiri

Nimemwambia Baba. Alikuwa anapaka mafuta mashine. Hakuinua kichwa.

"Kamba yangu," akasema.

"Niliichukua bila kuomba, Baba."

"Ungeomba, ningekwambia."

Siku nzima sijasikia mluzi wake, hata kikohozi. Ningependa anigombeze.

Jumatano, 21 Agosti

Katarina: "Dada, Kocha kanieleza. Sijui niseme nini." Baada ya dakika kumi: "Naruka vibaya, unajua. Utanifundisha kweli safari hii?"

Nimemwandikia ujumbe mrefu kuliko mahubiri ya Pasaka: vidole vya mguu wa mbele vishike ukingo wa kibao, macho yasitafute maji, kiuno kiende kwanza. Na mwisho nikaandika kwamba ile habari ya kupanda mlima aisahau.

Jumapili, 25 Agosti

Matangazo ya mwisho wa misa. Padri kamaliza, watu wanafunga vitenge waondoke. Baba akanyoosha mkono. Baba, ambaye hajawahi kusema kanisani zaidi ya Amina.

Akaenda mbele, kofia mkononi.

"Tumsifu Yesu Kristo."

"Milele, Amina."

"Niliwaambia binti yangu anakwenda kwenye mashindano ya dunia. Haendi. Ilipimwa kwa kamba yangu ya kahawa, akidhani ni futi tisa, kumbe mimi nilishabadilisha mafundo na sikumwambia mtu. Hakuna aliyemkamata. Kajisema mwenyewe." Akageuza kofia. "Nilijisifu kwenu kwa jambo ambalo si kweli. Leo najisifu kwa hili. Ahsanteni."

Hakuna aliyepiga kigelegele. Shangazi Scolastika kanitazama muda mrefu, halafu kwa mara ya pili mwezi huu akavua kitenge chake akanifunga.

Alhamisi, 29 Agosti

Kahawa imekwisha. Vichanja vitupu. Kamati imethibitisha jina la Katarina.

Jumamosi, 31 Agosti. Liuli

Baba kaja Liuli. Hakuna msiba, hakuna harusi. Kaja.

Mjomba alipomwona anashuka kwenye bodaboda na kamba ya bluu begani, akasema, "Shemeji, umepotea njia?" Baba akasema hajapotea, ila kuna kazi haikumalizwa.

Kaifungua mafundo yote, ile kazi yake ya siku nzima. Kaacha kamba nyororo. Nikamuuliza miche itapandwa na nini, akasema kamba zinauzwa Mbinga. Kisha yeye na Mjomba wakapiga magoti mchangani na futi kamba. Mjomba kapima mara mbili. Baba kapima ya tatu, hamwamini fundi wala binti. Wakafunga fundo moja mwanzo na fundo moja mwisho, katikati hakuna kitu.

Halafu likaja la kushangaza. Mjomba kanyoosha mkono anipokee saa, Baba akaiwahi, akaivaa shingoni. "Nitakaa mimi," akasema. Mjomba akampeleka kwa mtumbwi mpaka kwenye chelezo. Mzee wa mlima kashika magogo kwa mikono miwili, kalipa ziwa uso, filimbi mdomoni, macho yamemtoka. Kwa mara ya kwanza namwona akinitazama naogelea.

Akapuliza.

Nikaingia. Hakuna mwera. Nilifika pale nilipozoea kugusa, hakuna mbao, nikaendelea, mapafu yanawaka, nikagusa.

Baba akaisoma saa mara mbili, midomo inacheza.

"Ishirini na nane," akasema. "Halafu tisini na moja. Hiyo ni nzuri au mbaya?"

Nilikuwa nimeshika chelezo, nahema, siwezi kusema vizuri.

"Ni mita hamsini kamili, Baba."

Akanitazama. Akatazama kule kwenye jiwe nilikotokea, kama mtu anayekadiria mteremko. Kisha akatafuta kitufe kwa kidole gumba, akairudisha saa kwenye sifuri.

"Basi rudia," akasema.